Waliohesabu Miti

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Nilipoanza utafiti wangu wa uzamili nilitafuta watu: nani alilala wapi usiku ule mjini Zanzibar? Nilikuta hesabu. Merikebu za Sultani Barghash zilizozama bandarini. Mikarafuu iliyong'oka mashambani. Mabalozi wa nje waliandika hasara za wenye mali.

Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Waliopanda walikuwa watumwa. Soko lao mjini lilifungwa 1873. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria hadi 1897. Majina yao sikuyaona.

Babu yangu ana mikarafuu Wete, huiita urithi wetu. Nilimwuliza ya kwanza ilipandwa na nani. Alinyamaza, kisha akaniambia nianue karafuu, mvua inakuja.