Maelezo Yaliyofungiwa Ndani ya Mashine

Mwaka 1974, mwaka ule ule Mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Sisi wa Sumbawanga tulizipata kwa kuchelewa sana. Zilipofika mezani kwetu katika miaka ya 1990, zilifuatana na vitabu vinene vya Kiingereza, na vitabu hivyo, msomaji wangu, ndivyo ninavyotaka kuvizungumza.

Kitabu cha MS-DOS 5, ya mwaka 1991, kilieleza amri moja baada ya nyingine. Toleo la 6, la mwaka 1993, likayaweka maelezo ndani ya mashine: uliandika HELP, nayo yakajitokeza kwenye kioo. Agosti 1995 ikaja Windows 95 na kijitabu chembamba tu. Watengenezaji walikuwa na sababu zao. Karatasi ni ghali kuchapa na kusafirisha, na programu hubadilika kabla kitabu hakijamfikia msomaji.

Lakini hoja hizo zilipimwa mahali ambapo umeme haukatiki na fundi yuko mtaa wa pili. Katika ofisi moja niliyofanya kazi, orodha ya mishahara ilikuwa inasubiriwa, shule zinafunguliwa, nayo kompyuta ikakataa kwenda mbele. Kioo kilibaki cheusi na mstari mmoja wa maneno. Maelezo ya kuiponya yalikuwa humo humo ndani. Tuliagiza kitabu Mbeya. Kilikuja kwa basi, kwa njia ya vumbi ya Tunduma, kimefungwa kwa gazeti. Tulikisoma dirishani, tukaiwasha kwa disketi. Mishahara ilichelewa siku nne, na wapo watoto waliorudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma kwa malungu, tanuri za udongo zilizompita mtu kimo. Ufundi wenyewe ulikaa vichwani na mikononi mwa wahunzi, na moto ulipozimika ungeweza kwenda nao. Mwaka 1958 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maelezo ya kazi hiyo; leo mtu huyasoma bila tanuri yoyote kuwaka.

Hata hivyo kioo nacho kina haki yake. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Katika vitabu vyote vinene nilivyowahi kuvibeba, sikukuta hata kimoja cha Kiswahili. Dada mmoja karani, aliyeishia darasa la saba, aliifungua akaanza kuandika barua bila kuniita kumtafsiria. Zamani alikuwa akiniita kwa kila neno.

Alasiri moja umeme ulikatika, barua yake ikiwa nusu. Alijifunika khanga mabegani, maana ilikuwa Julai na baridi yetu mnaijua, akaniuliza:

“Mzee, hii haina kitabu chake?”

Nilimwambia kwamba mimi sijakiona.