Kiboko Humwachia Mkosaji Mapema Mno: Hoja ya Nidhamu ya Heshima Shuleni

Mjadala kuhusu viboko shuleni huendeshwa kana kwamba ni mvutano kati ya ukali na huruma. Wanaotetea fimbo huhesabiwa kuwa wanajali maadili, na wanaoipinga huambiwa wanadekeza watoto. Makala hii inaukataa mgawanyo huo. Hoja yake ni kwamba adhabu ya kiboko ndiyo nyepesi kwa mkosaji, kwa sababu inamwachia kabla hajawajibika kwa aliyemkosea. Nidhamu ya heshima inamdai zaidi, na ndiyo inayoweza kuijenga shule kuwa jamii ya watu wanaojaliana.

Tuchukue mwanafunzi wa darasa la sita aliyemwibia mwenzake daftari. Anaitwa mstarini, anachapwa viboko vinne na shauri limekwisha. Aliyeibiwa hajarudishiwa daftari lake wala hajaombwa radhi. Mkosaji hajaulizwa kilichomsukuma, na wanafunzi waliokuwa wakitazama wamejifunza kwamba ubaya wa wizi ni kukamatwa. Katika nidhamu ya heshima, mwanafunzi huyo huyo huketi mbele ya mwenzake na mwalimu wa darasa, na ikibidi mzazi huitwa. Anatakiwa aeleze alichokifanya, asikie kilivyomuumiza mwenzake, kisha aseme atakirekebishaje na lini. Mwalimu hufuatilia mpaka ahadi itimizwe. Ikibainika kwamba nyumbani hakuna uwezo wa kununua madaftari, kosa halifutiki, ila shule inajua pa kuanzia ili lisirudiwe.

Hatuna haja ya kudai kwamba wazee wetu hawakuwachapa watoto. Hata hivyo, kiboko kama chombo cha utawala kina historia yake. Wakoloni wa Kijerumani walijulikana kwa “hamsa ishirini”, yaani viboko 25 alivyochapwa mtu mzima aliyeonekana kukaidi amri. Mwaka 1967, katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, alitaka kitu tofauti kabisa: shule iwe jamii ambamo walimu na wanafunzi wanafanya kazi pamoja na kushiriki katika maamuzi. Lakini kanuni zilizotungwa mwaka 1979, chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zilihalalisha viboko katika shule hizo hizo. Tangu hapo tumejaribu kujenga ushirika kwa chombo kilichokusudiwa kuzalisha utii.

Watetezi husema tatizo si kiboko bali matumizi mabaya, kwa kuwa utaratibu una mipaka: viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, na adhabu iandikwe kitabuni. Hali halisi haiungi mkono imani hiyo. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya vijana wa miaka 13 hadi 24 waliwahi kufanyiwa ukatili wa kimwili na mwalimu kabla ya kufikisha miaka 18. Agosti 2018, mkoani Kagera, mwanafunzi wa darasa la tano aliyetuhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu alifariki baada ya kupigwa shuleni. Mamlaka ya kuumiza mwili wa mtoto, yakishaitwa malezi, hayadhibitiwi na daftari.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili hutoka Kenya. Nchi hiyo ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Katiba ya 2010 ikakataza adhabu ya viboko kwa mtu yeyote. Shule zilipoendelea kukumbwa na migomo na kuchomwa moto, wengi walisema fimbo irudi. Januari 2021 waziri wa elimu, George Magoha, alitoa pendekezo hilo hadharani. Tarehe zinaipinga hoja hiyo. Mkasa wa shule ya St. Kizito, ambapo wasichana 19 walipoteza maisha, ulitokea mwaka 1991, na moto wa bweni la shule ya Bombolulu ulitokea mwaka 1998. Misiba yote miwili iliikuta fimbo ikiwa halali. Kilichokosekana ni njia ya mwanafunzi kusikilizwa kabla hasira haijageuka vurugu au moto, na njia hiyo haifunguliwi na kiboko.

Hata hivyo, marufuku peke yake haitoshi. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, ambako wizara ya elimu ilikuwa imekwisha kukataza viboko kwa waraka, watafiti walilinganisha shule za msingi 42. Nusu yake zilitekeleza kwa miezi 18 mpango wa shirika la Raising Voices uliowashirikisha walimu, wanafunzi, uongozi wa shule na wazazi. Mwishoni, asilimia 31 ya wanafunzi katika shule hizo walisema wamefanyiwa ukatili wa kimwili na wafanyakazi wa shule katika wiki iliyopita, ikilinganishwa na asilimia 49 katika shule nyingine. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini asilimia 31 nayo inatukumbusha kwamba mazoea ya vizazi hayaondoki kwa mradi mmoja.

Kwa hiyo kazi ianze kwa mwalimu. Mwenye darasa la wanafunzi 80, anayekaripiwa na mkaguzi mbele yao, hupewa fimbo kama msaada pekee; kumnyang’anya bila kumpa stadi wala muda ni kumdhulumu. Vyuo vya ualimu vifundishe usuluhishi kwa vitendo, ratiba itenge kipindi cha baraza la darasa, na wakuu wa shule wawaheshimu walimu kama wanavyotaka wanafunzi waheshimiwe. Kitabu cha viboko nacho kibadilishwe kiwe kitabu cha usuluhishi, kinachoandika nani aliumizwa, nini kiliafikiwa na kama kilitekelezwa. Mkaguzi akisoma kitabu hicho atajua jambo ambalo idadi ya viboko haijawahi kumwambia mtu yeyote: kama wanafunzi wa shule hiyo wanajifunza kutendeana haki.