Hero Elementary

Hero Elementary ni mfululizo wa katuni za televisheni kwa watoto wadogo, ulioanza kurushwa na PBS Kids nchini Marekani tarehe 1 Juni 2020. Waasisi wake ni Carol-Lynn Parente na Christine Ferraro. Uliandaliwa na Twin Cities PBS pamoja na Portfolio Entertainment ya Kanada.

Unahusu wanafunzi wa Mwalimu Sparks wanaosomea ushujaa. Lucita Sky hupaa angani, Sara Snap hutoweka na kuibukia kwingine, Benny Bubbles hutoa mapovu yenye nguvu, na AJ Gadgets, mwenye usonji, hubuni vifaa. Nguvu hizo zisipofua dafu, hugeukia sayansi: huchunguza, hubashiri, kisha hujaribu.