Hali Tegemezi katika Maswali ya Usemi wa Taarifa ya Kiitaliano

Mapadre, watawa na walei wanaosoma Roma, pamoja na wale wanaofasiri hati za Kanisa, hukutana mara kwa mara na hali tegemezi ya Kiitaliano, iitwayo «congiuntivo», ndani ya swali la usemi wa taarifa, yaani swali lililoingizwa katika sentensi nyingine.

«È lecito?» ni swali la moja kwa moja: Je, ni halali? Likiingizwa katika sentensi huwa: «Ci si chiede se sia lecito», watu wanajiuliza kama ni halali. Kitenzi «è» kimekuwa «sia». Kitenzi kikuu kikiwa cha wakati uliopita, huwa «fosse»: «Ci si chiedeva se fosse lecito».

Kilatini sanifu kiliidai hali hiyo. Kiitaliano hakilazimishi: mazungumzo ya kila siku hukubali «Non so dov'è», bali maandishi rasmi hupendelea «Non so dove sia». Palipo na uhakika husemwa «So dov'è».

Mfasiri azingatie mambo mawili. Kwanza, «se» ya swali isichanganywe na «se» ya sharti, ambayo haifuatwi na «sia». Pili, «sia» ya swali isifasiriwe «iwe», kwa kuwa umbo hilo la Kiswahili hubeba ombi au agizo. Anayekosea hapo hugeuza swali kuwa ruhusa, na waamini hupokea kama fundisho jambo ambalo hati ilikuwa inaliuliza tu.