Nani Alijaza Fomu ya Oda? Magari ya Shamba na Vifaa Vyake vya Ziada, kutoka London hadi Ikuti

Kata ya Ikuti imo katika wilaya ya Rungwe, nchi ya mvua na miinuko. Tukuyu, makao makuu ya wilaya, ipo kwenye mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari na hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi ikinyesha kati ya Novemba na Mei. Udongo wake ni wa volkano. Unaotesha ndizi, chai, kahawa, viazi na parachichi kwa wingi, lakini ukilowa tairi halipati pa kushika. Gari linaloshuka na ndizi Machi na lile lililopita njia hiyohiyo Agosti ni kama yamepita katika nchi mbili tofauti. Ndiyo maana kwa barabara za ndani za Rungwe kutaja jina la gari hakujawahi kutosha. Imebidi kutaja pia limeagizwa likiwa na nini: tairi za aina gani, winchi ipo au haipo, tangi moja au mawili, difu inafungwa au haifungwi. Maswali hayo yamejibiwa kwa zaidi ya miaka 70 sasa, na kwa sehemu kubwa ya muda huo aliyeyajibu hakuwa mtu anayelisukuma gari linapokwama.

Kabla ya magari mzigo ulikwenda kwa kichwa na kwa maji. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walioingia Unyakyusa, nchi ya Wanyakyusa wa Rungwe, mwaka 1891 walitegemea Ziwa Nyasa na wapagazi, na Wajerumani walipoweka boma lao Neu Langenburg, ambako leo ni Tukuyu, hali ilibaki hivyo. Malori yalikuja wakati wa Waingereza, na yalikuwa magari ya kiangazi. Mvua zikianza, sehemu kubwa ya wilaya ilirudi kwenye miguu.

Mabadiliko yalianzia mbali. Tarehe 30 Aprili 1948, katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam, kampuni ya Rover ya Uingereza ilionyesha gari dogo lenye bodi ya aluminiamu, kwa kuwa chuma kiligawiwa kwa mgao baada ya vita. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni, alikuwa akitumia jipu la jeshi la Marekani shambani kwake Anglesey, na alitaka gari la mkulima litakalofanya kazi ya jipu na sehemu ya kazi ya trekta. Bei ya kwanza ya Land Rover ilikuwa pauni 450. Kwa fedha hiyo mnunuzi alipata kitu kidogo sana. Turubai, milango, mto wa siti ya abiria, hendeli ya kuwashia na hata gurudumu la akiba vilihesabiwa kuwa vya ziada. Baadaye kampuni iliviingiza vyote katika gari la kawaida na kupandisha bei, lakini mtindo wa kuuza gari tupu pamoja na orodha ndefu ya vya kuongeza ulibaki, na ndio uliolifanya gari hilo lifae mahali pengi.

Orodha ile ilikuwa na mambo ya maana. Kulikuwa na mtambo wa kutoa nguvu ya injini nje ya gari, katikati au nyuma, ili Land Rover lizungushe msumeno, pampu ya maji au mashine ya kupukuchua nafaka. Kulikuwa na winchi ya ngoma iliyosimama mbele ya bampa, ikizungushwa na injini yenyewe. Kamba ilizungushwa mara chache kwenye ngoma, mtu akashika ncha, na gari likajivuta polepole. Winchi ya namna hiyo ina sharti moja ambalo kitabu cha maelezo hakiwezi kulitimiza: lazima pawe na kitu imara cha kufungia kamba. Katika Rungwe sharti hilo lina uzito, kwa sababu barabara nyingi zinapita katikati ya migomba, na mgomba unang'oka. Dereva mzoefu hutafuta mkaratusi, na akiukosa huchimbia gogo chini. Kwa hiyo winchi ilikwenda pamoja na koleo, panga na kamba ndefu kuliko ile iliyokuja na gari.

Palikuwa pia na paa la pili, bamba lililowekwa juu ya paa la kawaida na kuacha nafasi ya hewa kupita kati yake ili jua lisichome waliomo ndani. Waingereza waliliuza hasa kwa nchi za joto. Kwa wilaya ya Rungwe ya wakati huo, iliyokuwa bado na Kyela ndani yake, lilikuwa na maana nusu. Tambarare ya Kyela iko kandokando ya Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto lake ni kali. Tukuyu, umbali wa saa chache tu, Juni na Julai watu huvaa makoti. Hita ilikuwemo katika orodha hiyohiyo ya vya ziada, na ingemfaa anayelala kwenye baridi ya milimani, lakini gari lililoandikiwa Afrika lilitarajiwa kupewa paa la joto. Hapa ndipo tofauti kati ya nchi iliyo kwenye karatasi na nchi iliyo chini ya matairi ilipoonekana wazi. Serikali ya Tanganyika, kama zile za makoloni ya Uingereza, ilinunua bidhaa zake nyingi kupitia Crown Agents, ofisi ya London iliyofanya manunuzi kwa niaba ya makoloni. Mkuu wa wilaya aliweza kuomba, lakini oda iliandikwa kwa ajili ya nchi nzima, kuanzia Lindi hadi Bukoba.

Miaka ya 1950 Land Rover likawa gari la utawala, la misheni, la mashamba ya chai na la vyama vya ushirika vya kahawa. Chama cha TANU nacho kilipozunguka nchini kudai uhuru kilitumia Land Rover, na kwa watu wengi wa vijijini gari hilo lilianza kuonekana kwa sura mbili: ya bwana shauri na ya wapigania uhuru. Kampuni iliongeza urefu wa chesisi mwaka 1954, ikaleta injini ya dizeli mwaka 1957, na mwaka 1958 ikatoa toleo la pili. Dizeli ilikuwa chaguo la kufikiriwa sana. Ilikula mafuta kidogo, na ikivuka maji haikusumbuliwa na mfumo wa umeme wa kuwashia kama petroli, lakini ilikuwa nzito na dhaifu mlimani. Kupanda kutoka Kyela hadi Tukuyu ni kupanda zaidi ya mita 1,000, na mwenye gari la dizeli la enzi hizo alijua gia ya nguvu kuliko gia nyingine zote.

Baada ya Uhuru mwaka 1961, na hasa baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, uagizaji ulisogea kutoka mikononi mwa wafanyabiashara kwenda kwa mashirika ya umma. Miaka ya 1970 Shirika la Magari la Taifa lilishika uagizaji wa magari nchini. Fedha za kigeni zilikuwa haba, mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena mwisho wa muongo, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikausha hazina. Katika hali hiyo orodha ya vya ziada karibu ilifutika. Kupata gari lolote kulikuwa ushindi, na kuchagua winchi kulikuwa anasa. Kilichoagizwa kwa uzito ni vipuri, navyo havikutosha. Gari lililokosa bomba moja la breki liliweza kulala miezi. Wapo wanaokihesabu kipindi hiki kuwa cha upungufu tu, lakini kwa historia ya ufundi kilikuwa kipindi cha maana kubwa. Fundi wa wilayani alijifunza kutoa kifaa kwenye gari moja lililokufa na kukiweka kwenye lingine, kukunja upya pasi za springi, na kutengeneza kwa moto na nyundo kile ambacho kiwanda kilikiuza kama nyongeza. Ujuzi huo haukupotea.

Wakati huohuo wafadhili waliingia na magari yao. Nchi za Nordik zilisaidia Kituo cha Kilimo cha Uyole nje ya Mbeya, na Denmark kupitia Danida ilifadhili maji vijijini katika mikoa ya Iringa, Ruvuma na Mbeya. Kila mradi uliagiza kwa utaratibu wa nchi yake, na namba za DFP, za magari ya miradi ya wafadhili, zikawa jambo la kawaida barabarani. Gari la mfadhili lilikuja limeshakamilika: ngao mbele, keria juu, redio ya upepo yenye antena ndefu, madumu ya akiba. Mradi ukiisha gari lilikabidhiwa kwa halmashauri likiwa na vifaa ambavyo halmashauri haikuwa na bajeti ya kuvitunza.

Hapo ndipo Toyota ilipochukua nafasi. Land Cruiser lilianzia kwenye gari la mwaka 1951 lililoitwa BJ, ambalo mwaka huo lilipandishwa hadi kituo cha sita cha Mlima Fuji, na jina la Land Cruiser lilifuata mwaka 1954. Toleo la 70 lilitoka mwaka 1984, na mwaka 1990 likapata injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, yaani isiyosaidiwa na upepo wa kusukumwa. Injini hiyo haina mbio, lakini inavumilia mafuta machafu na fundi wa kijijini. Mwaka 1995 iliundwa kampuni ya Toyota Gibraltar Stockholdings huko Gibraltar, ambako magari haya huwekwa ghalani na kufungwa vifaa kabla ya kusafirishwa kwa Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada. Kuchagua vya ziada kukawa kazi ya kitaalamu, inayofanywa na ofisa ugavi mwenye orodha sanifu: mkonga wa kuvutia hewa ya injini kutoka juu, matangi mawili ya lita 90 kila moja, winchi ya umeme, kufuli za difu, machela na sehemu ya kutundikia dripu kwa gari la wagonjwa.

Orodha sanifu ina faida kubwa: spea zinafanana, madereva wanafunzwa mara moja, na gari likihamishwa kutoka Ngara kwenda Mbeya halishangazi mtu. Lakini kwa Ikuti baadhi ya mistari yake ina thamani kuliko mingine, na inafaa kusema ipi. Mkonga unasaidia sana pale gari linapoingia maji hadi kwenye boneti, kama katika mafuriko ya Kyela, na pale penye vumbi jingi. Milimani Rungwe mito kama Kiwira imekata mabonde marefu na huvukwa kwa madaraja, kwa hiyo mkonga kwa kawaida hukaa bila kazi. Tangi la pili ni la nchi ya masafa marefu yasiyo na kituo cha mafuta, na Rungwe ni wilaya ndogo. Uzito wake mlimani ni hasara tupu. Kufuli ya difu ya nyuma, kinyume chake, ndiyo inayoamua kama mama mjamzito atafika hospitali usiku wa Aprili, kwa sababu tairi moja likiingia mtaroni difu ya kawaida hulipa nguvu lile linalozunguka bure. Na kabla ya kufuli kuna tairi. Tairi zenye meno makubwa na mianya ya kutema tope hazing'ari kwenye picha ya katalogi, ila zinapita. Gari la wagonjwa lenye redio ya bei kubwa na tairi za lami limeagizwa vibaya, hata kama limetolewa kwa moyo mwema.

Redio yenyewe ilipitwa na simu za mkononi zilipoenea miaka ya 2000.

Mageuzi ya biashara ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990 yaliwaingiza watu binafsi katika historia hii, lakini kwa mlango wa magari yaliyotumika. Mkulima wa chai au mfanyabiashara wa parachichi anayenunua gari kutoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam ananunua chaguo la mtu mwingine. Mmiliki wa kwanza alichagua siti za kitambaa, dirisha la juu na springi laini za barabara za Nagoya au Osaka, na Rungwe inapokea alichochagua. Gari jipya la kuagiza kwa fomu linabaki la serikali, mashirika, makampuni na matajiri wachache. Land Rover Defender jipya lililozinduliwa Frankfurt mwaka 2019 lilikuja na vifaa vya ziada zaidi ya 170, vingine vikiwa vimefungashwa pamoja kwa makundi manne. Mnunuzi wa 1948 angelitambua wazo hilo, ingawa sasa milango imo.

Kodi nayo inaelekeza mkono wa mnunuzi. Ushuru wa bidhaa nchini hupanda kwa ukubwa wa injini, na injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 hutozwa zaidi ya ndogo. Gari lililotumika miaka mingi huongezewa tozo ya uchakavu. Kodi hukokotolewa juu ya thamani ya gari lilivyofika bandarini, hivyo winchi au ngao iliyofungwa ng'ambo huingia katika hesabu ya ushuru pamoja na gari lenyewe. Mnunuzi mwenye hesabu huagiza kutoka kiwandani vile tu visivyoongezwa kirahisi baadaye, yaani kufuli za difu, gia ya nguvu na injini inayofaa. Vingine huviacha kwa gereji za Mbeya na Tukuyu, ambako keria huchomelewa kwa vipimo vya mzigo unaobebwa, springi huongezewa pasi moja au mbili kwa ajili ya ndizi na viazi, na ndoano za kuvutia hufungwa kwenye chesisi, mbele na nyuma.