Tuta Lililobaki Baada ya Mkonge

Kuhusu mkonge wa Tanganyika tumeandika mengi: manamba, bei ya dunia, utaifishaji wa mwaka 1967, ubinafsishaji wa miaka ya 1990. Kuhusu maji yake tumeandika kidogo, ilhali pasipo maji hapana singa. Korona huponda jani huku likimwagiwa maji mfululizo mpaka nyama yake itoke zibaki nyuzi. Shamba lililokosa mto wa kudumu lililazimika kukinga kijito kwa tuta la udongo, likahifadhi maji ya masika ili korona isisimame wakati wa kiangazi.

Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka mapori. Mashine ziliuzwa na reli ndogo zikang'olewa, lakini tuta la udongo halina mnunuzi. Lilibaki pale pale.

Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi wangu kuona tuta moja la namna hiyo wilayani Kibaha, juu ya kijito kinachoelekea Mto Ruvu. Sitalitaja jina, kwa kuwa si nia yangu kumshtaki mtu. Tulimkuta mzee mmoja akivua. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza bwawa ni la nani. Akajibu, "La shamba, mwalimu." Shamba la nani? Akacheka. Juu ya tuta ilikuwa imeota miti minene kuliko mwili wangu. Utoro, yaani njia ya kupitishia maji ya ziada pembeni mwa tuta, ulikuwa umezibwa kwa magunia ya mchanga ili samaki wasitoroke.

Mhandisi yeyote angesikitika kuona hayo. Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake. Yakishapita, huula udongo wa upande wa chini na katika saa chache ukuta haupo tena, na ndiyo maana utoro huwa uhai wa bwawa. Mizizi nayo, hasa mti unapokufa ikaoza, huacha vijia ndani ya tuta. Maji yanayovuja yakiwa meupe mtu aangalie. Yakitoka na tope, udongo wa ndani umeanza kusafiri.

Magunia yale yalinikumbusha Johnstown, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Bwawa la South Fork lilijengwa na serikali ya jimbo katikati ya karne ya 19 ili kulisha mfereji wa mashua. Reli ikaua mfereji, na bwawa likauzwa kwa watu binafsi. Mmiliki mmoja akang'oa mabomba ya chuma ya kutolea maji akayauza kama chuma chakavu. Waliomfuata walikuwa klabu ya matajiri, Andrew Carnegie akiwamo, waliotaka ziwa la kupumzikia. Wakashusha kimo cha tuta ili magari yao ya farasi yapite, wakaweka wavu kwenye utoro kuzuia samaki. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, tuta lilikatika na watu 2,209 wakafa. Hakuna mahakama iliyoitia klabu hatiani.

Kwa aonaye kuwa hayo ni ya mbali na ya kale, kuna Solai, kaunti ya Nakuru, Kenya. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 Bwawa la Patel, mali ya shamba binafsi, lilipasuka katikati ya masika. Watu wapatao 48 walikufa, wengi wao wakiwa nyumbani, na watoto walikuwa wengi miongoni mwao. Wakazi walikuwa wamelalamika muda mrefu kwamba shamba limezuia maji ya mito. Baada ya maafa ndipo mamlaka ya maji iliposema bwawa halikuwa na kibali. Swali ambalo sijaacha kujiuliza ni hili: ukuta mkubwa kiasi hicho, unaoonekana na kila mpita njia, uliwezaje kutoonekana na ofisi?

Kisheria sisi hatuko uchi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, inatamka kwamba maji yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini, na inampa mmiliki wa bwawa wajibu wa usalama. Bonde la Wami/Ruvu lina bodi yake. Lakini sheria humtafuta mmiliki, na mmiliki ndiye asiyejulikana pale ambapo shamba limepita mkononi mwa mlowezi, shirika la umma, mwekezaji, benki na dalali wa viwanja. Maji ni ya umma, ukuta ni wa mtu, na mtu mwenyewe haonekani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaodhani jambo hili ni la uhandisi tu. Bwawa lenye kazi huwa na mlinzi, fyekeo na bajeti, kwa kuwa likibomoka kuna mtu atakayepata hasara. Kazi yake ikifa, matunzo hufa nayo. Basi kwa kila tuta kuukuu la Kibaha na Kisarawe tuulize kwanza linafanya kazi gani leo. Ikiwa linanywesha mifugo na bustani za kiangazi, wanufaika wajulikane na gharama ya matengenezo ipangwe. Ikiwa halina kazi, lipunguzwe maji taratibu na likatwe kwa usimamizi wa wataalamu, wakati wa kiangazi. Sote tumegeuza macho Kidunda, tangu ukame wa mwaka 2022 uliposhusha Ruvu na kuacha mabomba ya Dar es Salaam makavu. Ni haki. Ila wakati tunasubiri bwawa la mita za ujazo milioni 190, haya madogo yamo tayari juu ya vichwa vya watu.

Kabla ya kuondoka siku ile, wanafunzi walishuka upande wa chini wa tuta wakifuata kijito. Walikuta bikoni mpya za viwanja. Walihesabu nyumba 14, 3 kati yake zikiwa bado hazijaezekwa.