Picha ya Mwombaji

Huenda siku moja, msomaji, nawe ukaandika barua ya kuomba kazi. Utataja jina lako na elimu yako, kisha utangoje jibu. Je, ni jambo gani litakaloamua jibu hilo? Habari za Posta ya Marekani zaweza kutufundisha.

Mwaka wa 1802 Bunge la nchi ile lilipitisha sheria kwamba asiajiriwe kuchukua barua ila mtu mweupe aliye huru. Sababu haikuwa kwamba watu weusi hawakuiweza kazi. Gideon Granger, Mkuu wa Posta wa siku zile, aliogopa maarifa yao. Mchukuzi wa barua hukutana na watu wengi na kusikia mengi. Na mtumwa mwenye habari angetambua haki zake na kuwafundisha wenziwe. Watumwa wa Haiti walikuwa wamekwisha kuinuka mwaka wa 1791, na hofu ilikuwa imeenea. Sheria ile ilidumu hata 1865 ilipofutwa.

Hata hivyo, kazi bado zilitolewa kwa kujuana. Chama kilichoshinda uchaguzi kiliwagawia wafuasi wake vyeo. Mwaka wa 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi na mtu aliyekuwa amenyimwa cheo, naye akafa. Ndipo mwaka wa 1883 ikatungwa Sheria ya Pendleton, iliyoamuru kwamba kazi kadha wa kadha za serikali, zikiwamo zile za posta kubwa, zitolewe kwa mtihani. Karatasi ya mtihani haina rangi ya uso, na kwa njia hiyo Wamarekani weusi wengi waliingia Posta.

Lakini mwaka wa 1914, katika utawala wa Rais Woodrow Wilson, kila mwombaji alitakiwa kuleta picha yake. Mkubwa wa ofisi alikuwa na ruhusa ya kuchagua mmoja katika watatu waliotangulia kwa alama. Sasa aliweza kutazama nyuso zao kwanza. Sheria haikutaja rangi hata kidogo, wala haikuwa na haja ya kuitaja. Desturi hiyo iliendelea mpaka 1940.

Basi, msomaji, utakapokuwa wewe ndiwe mwenye kuajiri, pima kila unalomdai mwombaji. Jiulize: lahusu kazi, au lahusu uso wake?